Tenerife 1980: Rubani alikosea, lakini futi 5,000 alizitoa nani?

Ripoti ya Hispania kuhusu ajali ya ndege ya Dan-Air, safari namba 1008, ina hitimisho fupi: rubani, bila kuzingatia kimo alichokuwa akiruka, aliipeleka ndege kwenye eneo la milima mirefu na hakutunza umbali salama kutoka ardhini kama alivyowajibika. Hitimisho hilo halina uongo. Boeing 727 ya kukodi iliyobeba watalii kutoka Manchester iligonga mlima eneo la La Esperanza, kisiwani Tenerife, tarehe 25 Aprili 1980. Wote 146 waliokuwamo walikufa, na haijatokea ajali ya ndege iliyosajiliwa Uingereza iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Mwenye usukani ndiye aliyefika pale mlimani; hakuna aliyemsukuma.

Waingereza hawakuridhika. Waliandika nyongeza yao, ikaambatanishwa na ripoti, na tangu hapo wasomaji wa ajali hii wamegawanyika. Wapo wanaoiona nyongeza hiyo kama nchi kumtetea mtu wake. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu ya ripoti iliyofanya kazi ya uchunguzi, ingawa nayo ina mahali inapomwonea rubani huruma kupita kiasi.

Uwanja wa Los Rodeos, ambako ndege hiyo ilikuwa ikienda kutua, hauhitaji utangulizi mrefu. Ni ule ule ambapo Boeing 747 mbili ziligongana mwaka 1977 na kuua watu 583. Uko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mawingu huutembelea yatakavyo, na kusini-magharibi yake ardhi hupanda hadi kilele cha Teide, zaidi ya mita 3,700. Mwaka 1980 uwanja huo haukuwa na rada. Mwongoza ndege alijua ndege iko wapi kwa kuambiwa na rubani, na rubani alijua aende wapi kwa kuambiwa na mwongoza ndege au kwa kusoma ramani. Siku hiyo ramani haikuwa na jibu.

Mbele ya Boeing kulikuwa na ndege ndogo ya injini za pangaboi iliyokuwa ikienda polepole. Mwongoza ndege alipoona kwamba Boeing inaikaribia, aliamua kuisubirisha kwa kuzunguka angani. Akaiambia kwamba mzunguko wa kawaida wa kusubiri juu ya kituo cha redio cha FP ni wa kuingia kwa uelekeo wa digrii 150, kisha akaongeza maneno ya Kiingereza ambayo marubani waliyasikia kama amri ya kukata kushoto. Alichokusudia ni kwamba zamu zote za mzunguko ule ni za kushoto. Kilichokosekana ni herufi moja ya wingi: alisema “turn”, si “turns”. Kama Boeing ingeingia kwenye mzunguko aliokuwa nao kichwani, ingekwenda kaskazini-magharibi ya kituo, upande wa bahari. Ilikata kushoto ikashika digrii 150, yaani kusini-mashariki, kuelekea ndani ya kisiwa na vilima vyake, ndani ya wingu.

Wengi hukomea kwenye ile herufi. Ni kisa kizuri cha kusimulia, na kinamwacha kila mtu akitikisa kichwa kwa masikitiko bila kumdai mtu yeyote chochote. Mimi nadhani herufi ile inaficha mambo mawili mazito zaidi.

La kwanza ni kwamba mzunguko ule ulioitwa wa kawaida haukuwa umechapishwa popote. Marubani hawakuwa na mchoro wake. Walitakiwa kuuchora kichwani kutokana na sentensi moja ya redioni, huku wakiwa wamebakiza muda mfupi sana kufika kwenye kituo chenyewe, katika ndege yenye kasi, bila kuona nje. Kinasa sauti kinaonyesha wakishangaa wenyewe kwa wenyewe: mzunguko gani huu wa ajabu, mbona haulingani hata na njia ya kurukia? Maneno hayo yametumika sana dhidi yao, na nitayarudia. Lakini kwanza yanathibitisha kwamba walijaribu kuoanisha walichoambiwa na walichokijua, na havikuoana kwa sababu nusu ya habari ilibaki kwa mtu aliyekuwa ardhini.

La pili ni kimo. Boeing iliporipoti kwamba imefika FP na inaanza kusubiri, ilikuwa futi 6,000. Mwongoza ndege akairuhusu ishuke hadi 5,000. Mahali ndege ilipogonga ni karibu futi 5,450 kutoka usawa wa bahari, na iligonga ikiwa tayari inajaribu kupanda. Kimo halali walichopewa, kwa kauli safi na bila utata wowote wa lugha, kilikuwa chini ya mlima kwa zaidi ya futi 400. Watetezi wa mwongoza ndege hujibu kwamba futi 5,000 zilikuwa za upande wa baharini, si za kule walikokwenda. Ni kweli alidhani hivyo. Lakini nyongeza ya Waingereza ilipopiga hesabu ya mzunguko wenyewe kwa kanuni za kimataifa, ikijumuisha nafasi ambayo ndege hupewa kwa upepo na kwa kukosea kidogo, ilipata kwamba hata pale hakuna ndege iliyostahili kuwekwa chini ya futi 7,000. Hapo ndipo mimi hukwama kila ninapoisoma hukumu ya Hispania. Inamshitaki rubani kwa kutozingatia kimo, na kimo chenyewe kilitolewa na mnara kwa ajili ya mzunguko ambao hakuna aliyewahi kuupimia kimo salama. Kama kungekuwa na mchoro uliochapishwa, kazi ya kuuchora tu ingemlazimisha mtu fulani ofisini, akiwa na kalamu na muda wa kutosha, kuandika kimo cha chini kabisa. Kazi hiyo haikufanywa, na ripoti rasmi inaipita haraka mno.

Sasa upande wa pili, ambao si dhaifu. Bila rada, jukumu la kuepuka ardhi hubaki kwa rubani, na hili si hila ya kisheria. Mwongoza ndege asiyekuona hawezi kukulinda na mlima. Anaweza tu kukutenganisha na ndege nyingine. Rubani aliyefunzwa analijua hilo. Kapteni huyu alijua kwamba uwanja una milima upande mmoja, alitilia shaka maelekezo, na bado alikubali kushuka. Ndege yake ilipita pembeni ya FP, wala si juu yake, na iliripoti kama vile iko pale hasa, kwa hiyo hata mnara ulikuwa na picha isiyo sahihi kutoka kwake. Maelekezo ya kusubiri yalipokelewa bila kurudiwa neno kwa neno. Swali la sekunde tano redioni lingeweza kuwaokoa wote: unataka niende kulia au kushoto? Mshangao uliobaki ndani ya chumba cha marubani hauwezi kumsaidia mtu aliye mnarani.

Hata tahadhari ya kukaribia ardhi ilipolia, kapteni aligeuza ndege kulia, na kulia ndiko ardhi ilikokuwa ndefu zaidi. Hapa naona lawama zimezidi. Chombo cha enzi hizo kilipima kilicho moja kwa moja chini ya ndege na hakikuwa na ramani ya kilicho mbele. Alikwisha kuamini kwamba zamu ya kushoto ndiyo iliyowapoteza, akajaribu kuirudi. Vyombo vinavyobeba ramani ya milima na kuonya mapema vilianza kuingia kwenye ndege za abiria katikati ya miaka ya 1990.

Na si kila ajali ya aina hii inaweza kutetewa kwa njia hiyo. Boeing 707 ya kukodi iliyogonga mlima Pico Alto katika visiwa vya Azores mwaka 1989, ikaua watu 144, nayo ilipewa na mnara takwimu isiyo sahihi ya shinikizo la hewa, ambayo kipimo cha kimo huitegemea. Lakini iliruhusiwa kushuka hadi futi 3,000 na marubani wakashuka kuelekea 2,000, na tahadhari ilipolia sekunde kadhaa hawakuchukua hatua yoyote. Pale kosa la mnara lipo, ila uzito wake ni mdogo ukilinganisha na yaliyotokea ndani ya ndege. Ya Tenerife ni kinyume. Ukiyaondoa makosa ya kapteni, mnara unabaki na mzunguko usiochapishwa na kimo kisichopimwa, vikimsubiri rubani mwingine wa siku nyingine ya mawingu.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kiutendaji. Ukiandika kwamba rubani hakutimiza wajibu, anayetakiwa kubadilika amekwisha kufa. Ukiandika kwamba mnara ulitoa mzunguko usio na mchoro, kila uwanja usio na rada unapaswa kufungua makabati yake na kutazama kama nao una desturi ambazo waongoza ndege wake wanazijua kwa moyo na wageni hawazijui kabisa.

Miezi 19 baadaye, tarehe 1 Desemba 1981, ndege ya kukodi kutoka Ljubljana ilikuwa kwenye mzunguko wa kusubiri karibu na Ajaccio, kisiwani Corsica, ndani ya mawingu, uwanja ukiwa hauna rada. Mnara uliamini ndege iko juu ya bahari. Iligonga mlima San-Pietro na kuua watu 180, na wachunguzi wakataja lugha isiyo makini ya redioni, safari hii kwa pande zote mbili.