Kampuni inayomuumiza asiye mteja wake

Ukiwauliza watu kumi ni kampuni gani ya teknolojia inayoidhuru jamii kuliko zote, majina yatakuwa yale yale: Facebook, Google, Amazon, labda TikTok. Ndiyo wanayokutana nayo kila wakiwasha simu. Lakini kero tunayoiona kila siku si lazima iwe ndiyo dhara kubwa, na vipimo tulivyozoea havitusaidii sana kutofautisha.

Chukua faini. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook dola bilioni 5 kufuatia sakata la Cambridge Analytica, ambapo data za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87 ziliishia mikononi mwa kampuni ya ushauri wa kisiasa. Habari za faini hiyo zilipotoka, hisa za Facebook zilipanda. Wawekezaji walishapiga hesabu wakaona yamekwisha.

Wengine hupima kwa idadi ya watumiaji: dhara dogo likizidishwa kwa mabilioni ya watu, linakuwa kubwa. Hoja ina mashiko, ila ushahidi wake huyumba. Nyaraka za ndani alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021 zilionyesha kwamba karibu theluthi ya wasichana waliokuwa wakiichukia miili yao walisema Instagram, mtandao wa kampuni hiyo hiyo, iliwazidishia. Kampuni nayo ikajibu, kwa kutumia utafiti huo huo, kwamba kwenye mambo kama upweke waliosema inawasaidia walikuwa wengi zaidi. Kila upande uliondoka na takwimu yake.

Mimi huanza na swali jingine: aliyeumia alikuwa na mlango wa kutokea? Anayechoshwa na mtandao wa kijamii anaweza kuufuta, hata kama kwa shida. Kuna ambao hawakuwahi kuwa na nafasi hiyo.

Nchini Uingereza, kuanzia 1999, Shirika la Posta liliwafungia mawakala wake mfumo wa uhasibu wa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mwanamke mmoja aliyeendesha tawi la kijijini aliona pengo la takriban pauni 2,000, akapiga simu kitengo cha msaada, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na pengo likawa mara mbili mbele ya macho yake. Mkataba ulimtaka alipe. Baadaye alikiri kosa la kughushi hesabu ili aepuke shtaka la wizi, na jina lake lilisafishwa mwaka 2021 tu. Mawakala zaidi ya 900 walitiwa hatiani namna hiyo, baadhi wakafungwa, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu kwa mkupuo.

Utetezi upo, na si wa kupuuzwa: walioshtaki ni Posta, Fujitsu ilikuwa mzabuni tu. Lakini wafanyakazi wa Fujitsu walitoa ushahidi mahakamani kuutetea mfumo, huku kampuni ikiwa na uwezo wa kuingia kwenye hesabu za matawi kutoka mbali. Mzabuni wa aina hiyo hawezi kunawa mikono.

NSO Group ya Israel iko kwenye kundi hilo hilo. Programu yake ya ujasusi, Pegasus, iliweza kuingia kwenye simu kwa kupigiwa WhatsApp tu, upokee usipokee. Mwaka 2019 WhatsApp ilisema watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Kampuni husema inaziuzia serikali pekee, kwa ajili ya kuwasaka magaidi na wahalifu, na siwezi kusema hakuna mhalifu aliyenaswa. Tatizo ni kwamba serikali ndiyo mteja na ndiyo inayoamua nani ni mhalifu.

Hapo mtu angedhani kipimo changu kinaisafisha Facebook. Wala. Mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, waliikimbia nchi hiyo kuingia Bangladesh, baada ya miaka ya chuki iliyosambazwa, kwa sehemu kubwa, kupitia Facebook. Hakuna aliyehitaji kuwa na akaunti ili nyumba yake ichomwe. Kufuta programu kwenye simu kusingemwokoa mtu.

Wanaoitetea Facebook husema waliochoma na kuua ni jeshi, na chombo hakina kosa. Wana mfano mzito: Rwanda, 1994. Redio RTLM ilichochea mauaji, na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2003 iliwatia hatiani waasisi wa kituo. Waliotengeneza redio hawakuguswa, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa nini basi Facebook?

Kwa sababu redio ya mkononi haichagui kipindi. Facebook huchagua: mfumo wake hupanga kipi kitangulie machoni pa nani, na chapisho linalowasha hasira huvuta watu wengi. Kwa hiyo iko karibu na kituo kuliko na kiwanda cha redio, ingawa si kituo kamili, maana haikuandika maneno yale wala haikukusudia mauaji. Ila ilikuwa na wahariri wachache mno: mwanzoni mwa 2015, kwa mujibu wa Reuters, wakaguzi wake waliojua Kiburma walikuwa wawili, katika nchi ambayo kwa wengi Facebook ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Novemba 2018 kampuni ilikubali kwamba haikufanya vya kutosha.

Kwa hiyo naiweka Facebook juu ya Fujitsu na NSO, na sababu haina uhusiano na matangazo wala muda tunaopoteza. Google na Amazon naziweka chini sana. Jaji wa Marekani aliamua Agosti 2024 kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na hilo ni kosa kubwa la kibiashara, lakini halimfanyi mtu mkimbizi.

Mwenendo baada ya madhara nao nauhesabu. Januari 2024 mkuu wa Fujitsu barani Ulaya alikiri kwamba kampuni ina wajibu wa kimaadili kuchangia fidia. Vijana wa Kirohingya kambini waliiomba Facebook dola milioni 1 za elimu, wakajibiwa kwamba kampuni haijihusishi moja kwa moja na shughuli za hisani.