Taa Mnazima, Pasi Je?

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Mwanza, mita ya Luku ni moja na vyumba ni sita au nane. Wapangaji wanachanga, umeme unanunuliwa, na mwezi haujafika katikati ugomvi umeanza. Mara nyingi ugomvi wenyewe ni wa taa. Nani kaacha taa ya uani ikiwaka mpaka asubuhi? Kwa nini chumba cha mwisho mtoto anasoma hadi saa sita usiku?

Mimi naona mtoto wa watu anaonewa.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Taa ya LED ya wati 9 inaweza kuwaka zaidi ya saa 100 kabla ya kuimaliza. Sasa chukua birika la umeme. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kunakula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, na kwa kiasi hicho mtoto angesoma kwa muda wa saa kumi na moja. Pasi sitaki hata kuigusa, hasa Jumapili asubuhi wakati nyumba nzima inajiandaa kwenda kanisani. Umeme wetu unaliwa na joto. Taa ilikuwa na kesi ya kujibu enzi za globu za wati 60, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuunguza vidole vya anayeibadilisha.

Wavuvi wa dagaa wamelielewa hili bila semina. Zamani ziwani usiku wa giza ilikuwa karabai kila mahali, na karabai inachoma mafuta mengi ili itoe joto jingi na mwanga kidogo. Dagaa hawafuati joto, wanafuata mwanga. Zilipokuja taa za LED za betri, zinazochajiwa kwa sola, wengi wakahama. Gharama ya mafuta ilikuwa inakatwa kabla ya kugawana mapato, kwa hiyo kila aliyekuwa ndani ya mtumbwi aliisikia mfukoni mwake.

Turudi nyumbani, kwenye jiko. Hapa ndipo nishati nyingi ya familia inapokwenda, na haisomeki kwenye mita kwa sababu inakuja kwenye gunia au kwenye kopo. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maharage yanachelewa zaidi kuiva huku kwetu kuliko Tanga. Na maji yakishachemka, kuongeza mkaa hakuyapandishi joto hata kidogo. Unachozidisha ni mvuke tu. Loweka maharage usiku, funika sufuria, punguza moto yakianza kutokota. Bibi zetu walifanya hivyo bila kujua habari za nyuzi.

Sufuria ya presha ndiyo dawa yenyewe, maana ndani yake maji hupita nyuzi 100 na maharage huiva kwa sehemu ndogo ya muda. Ya umeme ni bora zaidi: imefungwa pande zote, na ikishapata moto inajizima na kujiwasha yenyewe. Serikali nayo, kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Sina ugomvi na lengo hilo.

Ila nenda katafute chumba Igogo au Nyakato uone masharti. Marufuku kupikia umeme. Mwenye nyumba kakataza, na wapangaji wenzako wanamuunga mkono, kwa sababu wanajua watachangia maharage yako. Hawana kosa. Mita moja inamfanya anayebana awe anamlipia asiyebana, na anayetaka jiko zuri aonekane mwizi. Kuna kundi la bei nafuu kwa watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba sita vikijazana kwenye mita moja, hata kama kila kimoja peke yake kisingefika uniti hizo, kulipata kwa pamoja ni vigumu.

Ndiyo maana matangazo ya "zima taa usipoihitaji" yananichosha. Ningependa nguvu hiyo iende kwa wenye nyumba: kila chumba kipate mita yake, hata kama ni ile ndogo ya ndani inayosomwa kila mwisho wa mwezi ili kila mmoja alipie alichotumia. Wapo watakaosema ni gharama, na ni kweli, lakini gharama hiyo hulipwa mara moja. Wewe unayetafuta chumba sasa hivi, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, usiishie kuuliza kama umeme upo. Uliza mita ni ya wangapi, na kama unaruhusiwa kupikia.