Mabeberu hawakuuangusha ufalme wa China, waliuajiri

Siku hizi ukitaja kasumba, mtu anawaza mawazo ya kikoloni yaliyoganda kichwani. Wachache wanakumbuka kwamba kasumba ni afyuni yenyewe, ile ya kuvutwa kwenye kiko. Kwa China ya karne ya 19 maana zote mbili zinafaa.

Hadithi tuliyozoea ni fupi. Waingereza wanaleta afyuni kutoka India, mwaka 1839 Lin Zexu, afisa wa mfalme wa China, anaiharibu pale Humen, makasha zaidi ya 20,000, kwa maji, chumvi na chokaa, vita vinapigwa, mwaka 1842 Mkataba wa Nanjing unaitoa Hong Kong na kufungua bandari tano. Halafu tunaruka hadi 1912, mtoto Puyi anavuliwa ufalme, na tunaambiwa mabeberu waliuangusha utawala wa ukoo wa Qing. Sikubaliani. Kama walitaka kuuangusha, mbona waliushika mkono kila ulipoyumba?

Mtazame Charles Gordon. Mwaka 1860 alikuwa miongoni mwa askari wa Uingereza walioliteketeza kasri la Yuanmingyuan karibu na Beijing. Mwaka 1863 huyohuyo anaongoza jeshi linaloupigania ufalme uleule dhidi ya waasi wa Taiping, vita vilivyoua watu kwa mamilioni. Hakubadilika moyo. Qing walikuwa wameshatia saini mikataba, na aliyekutilia saini hutaki afe.

Kisha forodha. Kuanzia 1863, kwa zaidi ya miaka 40, mkuu wa forodha ya China alikuwa Robert Hart, mtu wa Ireland. Hakuwa mwizi, na hapo ndipo penye mtego: chini yake makusanyo yalipanda na vitabu vya hesabu vilikuwa safi. Lakini baada ya kushindwa na Japani mwaka 1895, China ilitakiwa kulipa taeli milioni 200 (taeli ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha). Ikakopa benki za Ulaya na kuweka rehani mapato ya forodha. Mwaka 1901, baada ya uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni, ikatwishwa taeli nyingine milioni 450, za kulipwa kwa miaka 39, na riba juu. Mfalme akabaki kwenye kiti, kazi yake kukamua wakulima wake kwa niaba ya wadai.

(Katika jeshi la Kijerumani lililotumwa kuwazima Mabondia alikuwamo Lothar von Trotha, ambaye miaka michache kabla aliongoza majeshi ya Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1904 akapelekwa Namibia, na Waherero wa huko wanajua kilichofuata: mauaji ya halaiki.)

Qing nao hawakuwa malaika. Waziri Heshen aliila hazina tangu karne ya 18, kabla ya manowari yoyote. Mwaka 1898 mfalme Guangxu alijaribu mageuzi, yakadumu siku 103, kisha malkia mjane Cixi akamfungia ndani. Ila mbovu wa ndani mara nyingi huondolewa na watu wake mwenyewe, na Taiping walikaribia kufanya hivyo.

Hatimaye waliouchoka utawala huo ni Wachina wenyewe. Mwezi Mei 1911 serikali ilizitwaa reli ambazo watu wa mikoa walikuwa wamezichangia kwa fedha zao, ili zijengwe kwa mkopo wa benki za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Mkoa wa Sichuan ukawaka. Askari wakatolewa mkoa wa Hubei kwenda kuuzima, mji wa Wuchang huko Hubei ukabaki na ulinzi hafifu, na tarehe 10 Oktoba wanajeshi waliobaki pale wakaasi. Miezi minne baadaye Puyi, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameng'oka. Mabalozi wa mabeberu hawakumlilia. Waliharakisha jambo moja tu: kuhakikisha fedha za forodha zinaingia moja kwa moja kwenye benki zao, na deni lote likahamia kwa Jamhuri.