Jino Bovu na Vyuma vya Mguuni: Antibayotiki Kwanza?

Mtoto kaanguka mwembeni Wete, kavunjika paja, katiwa vyuma. Miezi inapita, anatembea, karudi skuli. Halafu jino la nyuma linaanza kumuuma usiku. Hapo mzazi husikia kauli mbili. Mmoja anamwambia asimpeleke kung'oa mpaka mtoto anywe antibayotiki, la sivyo vijidudu vya mdomoni vitashuka kwenye chuma. Mwengine anasema hayo ni ya zamani, jino ling'olewe tu.

Wa kwanza hasemi upuuzi. Jino linapong'olewa, bakteria huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Wakishajishika kwenye chuma ni vigumu kuwatoa, kwa sababu chuma si nyama, hakipitiwi na damu inayobeba kinga na dawa. Mara nyingi hubidi mtoto afunguliwe tena. Kwa mzazi wa Pemba hilo si dogo: huenda likawa ni boti mpaka Unguja, kazi kusimama, na watoto wengine kuachiwa bibi yao. Daktari wa mifupa aliyewahi kusafisha usaha kwenye vyuma vya uti wa mgongo wa mtoto, mimi simlaumu akiandika dawa kila jino linapoguswa.

Ila hoja yake ina tundu. Bakteria hao hao huingia kwenye damu mtoto anapotafuna na anapopiga mswaki, hasa fizi zikiwa zimevimba. Tena ana meno 20 ya utotoni ambayo yatang'oka yote, mengine akiyasukuma kwa ulimi mwenyewe hapo barazani, na hakuna anayempa kidonge kwa kila moja. Mwaka 1997 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, pamoja na wenzao wa mifupa, walisema wenye pini, bamba na skrubu hawahitaji antibayotiki ya kujikinga kabla ya kutibiwa meno. Mwaka 2015 chama hicho kikasema hata wenye viungo bandia ndani ya mwili, kama vya nyonga au goti, kwa kawaida, wasipewe.

Na dawa nayo si maji. Amoksilini huharisha, wengine huwaletea mzio, na kila inapotumika bila sababu bakteria huzidi kuizoea. Sisi tunaoinunua dukani bila cheti hatuna haja ya sababu nyengine ya kuimeza.

Kwa hivyo nimeegemea upande wa pili, ingawa si kwa kila mtoto. Mwenye baadhi ya maradhi ya moyo hupewa antibayotiki hiyo kwa ajili ya moyo wake, si kwa ajili ya chuma. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, au ambaye kidonda cha upasuaji hakijapona au kiliwahi kutunga usaha, aulizwe daktari aliyempasua kwanza. Daktari wa meno naye aambiwe mapema kwamba mtoto ana vyuma, viko wapi, na anatumia dawa gani. Kama ni mgongo au nyonga, hata namna ya kumlaza kwenye kiti itabadilika.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mzazi aliyeingiwa na hofu akaamua kungoja. Mtoto anatulizwa kwa panado, shavu linavimba, linanywea, linavimba tena. Huo usaha ndio wa kuogopwa, na antibayotiki haitibu jino lililooza. Hupunguza uvimbe tu, shina likabaki pale pale.

Na mara nyingi jino lenyewe huozea kitandani. Mtoto amefungwa plasta kutoka kiunoni mpaka miguuni, wageni wanamjia na soda, biskuti na ule ubuyu mwekundu wa sukari, na mswaki hakuna anayeukumbuka maana hawezi kusimama penye bomba. Kichwa kiinuliwe kwa mto, bakuli liwekwe chini ya kidevu, mswaki uwe mdogo na dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya njegere. Akinywa dawa ya maji yenye sukari, asukutue.

Kwa upasuaji uliopangwa, kama wa kunyoosha mguu au mgongo, meno yakaguliwe kabla, yaliyooza yashughulikiwe. Jino linalocheza atajiwe daktari wa usingizi, kwani mpira wa kupumulia unaweza kuling'oa likaingia kwenye njia ya hewa.