Siri ya Eleusis: Kikombe au Ukumbi?

Eleusis iko Ugiriki, kilomita 20 hivi kutoka Athens. Palipokuwa na Telesterion, ukumbi wa ibada, pamebaki sakafu pana ya mawe, vitako vya nguzo na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba wa kilima. Humo, zama za Wagiriki wa kale, kila mwaka karibu na Septemba, watu waliingizwa usiku katika siri za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na bintiye Persephone. Walikula kiapo, na aliyetoboa siri adhabu yake ilikuwa kifo. Waliosimulia baadaye, kama Clement wa Alexandria, walikuwa Wakristo waliotaka kuiumbua ibada yenyewe, kwa hiyo maneno yao huyapokei mzimamzima.

Ndipo yakaja makisio. Mwaka 1978 Wasson, mtafiti wa uyoga, Hofmann, mwanakemia, na Ruck, mtaalamu wa mambo ya Wagiriki wa kale, walidai kwamba siri ilikuwa kikombeni. Kykeon, kinywaji cha kufungulia saumu, kilitiwa ergoti, kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka na kuleta maruweruwe. Hofmann alijua alichokisema, maana ndiye aliyeitengeneza LSD, dawa ya maruweruwe, mwaka 1938 akianzia kwenye kemikali za kuvu hiyohiyo. Isitoshe, huko Mas Castellar de Pontós, Hispania, mabaki ya ergoti yamepatikana chomboni na kwenye meno ya binadamu, mahali panapohusishwa na ibada ya Demeter. Hoja hiyo ina uzito. Ila Pontós ni ncha nyingine ya Mediterania.

Mimi kinachonizuia kukubali ni ergoti yenyewe. Inakaza misuli, inaozesha vidole, inatoa mimba. Uwanyweshe umati, wanawake wakiwemo, mwaka baada ya mwaka kwa karne nyingi, na asiwepo wa kulalamika? Tena viungo vya kykeon havikufichwa hata kidogo: utenzi wa kale wa Demeter unavitaja wazi, maji, unga wa shayiri na mnanaa.

Wanaotetea kikombe hukimbilia kesi ya Alcibiades, jemadari wa Athens, mwaka 415 K.K., aliyeshtakiwa kuzinajisi siri hizo majumbani. Kumbe, wanasema, kinywaji kilivuja kikawa cha karamu. Lakini shtaka analolinukuu Plutarch, mwandishi wa kale wa wasifu, halitaji kinywaji. Linasema alivaa joho kama la kuhani mkuu, akawapa rafiki zake vyeo vya mshika mwenge na mpiga mbiu, wakaigiza ibada. Kosa lilikuwa kuonyesha. Na cheo cha kuhani huyo, hierophantes, maana yake ni mwenye kuonyesha vitu vitakatifu.

Sasa rudi kwenye mawe. Ngazi zinazunguka ukumbi pande zote, watu maelfu wakielekea katikati, gizani, wana njaa, wamechoka kwa mwendo wa kutoka Athens. Hippolytus, mwandishi mwingine Mkristo, anasema kilele kilikuwa suke la nafaka lililokatwa kimyakimya. Suke tu! Anayetaka dawa kikombeni ataliona halitoshi. Kwa mkulima wa Attika, eneo la Athens, aliyekuwa akingoja mvua za kupandia, silioni dogo hivyo.