Maneno 12 na Fundi wa Chuma

Jamani huyu mpwa wangu aliyerudi Mtwara na bitcoin zake atanitoa roho. Kanifungulia waleti, yaani pochi ya hizo pesa za mtandaoni, kanipa maneno 12 ya Kiingereza ndiyo ufunguo wake, halafu eti "anko usiandike popote, shika kichwani." Kichwa kipi? Hiki hiki chenye NIDA ya tarakimu 20, namba za siri za laini zote na madeni ya dukani? Na kukumbuka tu haitoshi, lazima mpangilio uleule, ukitanguliza umbrella mbele ya goat imekula kwako, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Malaria ya huku ikikupanda unasahau jina la mkweo, sembuse umbrella.

Karatasi nayo, mchwa wa Shangani watatajirika kabla yangu.

Basi nikasema nigongeshe kwenye chuma. Fundi yuko nyuma ya soko na herufi zake za kugonga, nikamvuta pembeni kama mtu mwenye mali, fundi hii kazi ya siri. Akaitikia vizuri kabisa. Kumbe miwani hana, akamwita dogo wake amsomee, na dogo sauti kama anaita abiria stendi, "Emu! Oo! Eni! Kei!" ngo ngo ngo, mama wa samaki kule anadakia "monkey, nyani huyo," mwenzie anabisha siyo nyani ni tumbili, ugomvi ukaanza. Fundi akasimamisha nyundo, "mzee mbona hayaungani haya, ya mganga?" Anatoza kwa herufi bwana, nikamwambia gonga 4 za mwanzo kila neno zinatosha, ile orodha ya maneno 2048 yanakochaguliwa haya imetengenezwa hivyo, hakuna mawili yanayolingana herufi 4 za mwanzo. Akakataa! "Mimi sigongi nusu neno, watu watasema sijui kusoma." Si kweli hujui?! Dogo anapiga kelele za nini sasa?

Tumefika katikati muuza karanga ananiuliza la mbele ni lipi. Na waleti haina jina wala alama ya kidole, mwenye maneno ndiye mwenye mali, kwa hiyo mama wa samaki na mimi sasa ni wakurugenzi wenza.

Mpwa anasema rahisi tu, fungua nyingine uhamishe. Maneno mengine 12!

Ananitishia na yule James Howells wa Wales, diski yenye funguo za bitcoin kama 8,000 ilienda jalalani 2013, halmashauri yao ikamkatalia kuchimba. Afadhali yeye, jalala analijua. Huku kwetu chuma hakilali nje, hawa vijana wa chuma chakavu wameshabeba mfuniko wa tangi la mama mwenye nyumba, wakabeba jembe la jirani likiwa na udongo wake, ukienda kulalamika unaambiwa lete risiti. Risiti ya jembe! Nani nchi hii ana risiti ya jembe?