Acheni Kuongeza Mati: Hoja Yangu Kuhusu Paneli za Faiba Zenye Sega

Mwambie fundi wa faiba kwamba paneli yake inabonyea, naye atakuongezea mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo (faiba). Ikibonyea tena, ataongeza nyingine. Ndivyo tunavyotengeneza vifuniko vya pikapu, milango ya boti na maboksi ya mizigo, na mwisho wake tunapata kitu kizito na ghali ambacho ukikikanyaga katikati bado kinacheza. Mimi nasema faiba si chache. Tatizo ni kwamba yote imelundikwa mahali pamoja.

Chukua mati nne za gramu 450 kwa mita ya mraba, uzilaze kwa resini ya polyesta, kile kimiminika kinachoganda kuwa plastiki ngumu. Utapata bamba la unene wa milimita 4 hivi, uzito karibu kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua mati mbili tu. Moja iweke juu, moja chini, na katikati utie sega la plastiki la milimita 20, yaani shuka la vijumba vitupu vya pembe sita kama sega la nyuki. Ukijumlisha na resini inayonyweka kwenye maungio, uzito unabaki uleule, karibu kilo 6. Lakini ugumu wake wa kutopinda, kwa hesabu ya karatasi, ni kama mara 40 ya lile bamba. Kwa vitendo utapungua, maana sega lenyewe hulegea kidogo linapobeba mzigo. Hata ukikata nusu, bado umeshinda kwa mbali, na umetumia nusu ya mati.

Siri ni umbali. Kitu kikipinda, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Katikati hapafanyi kazi kubwa zaidi ya kuzishika pande hizo mbili zisikaribiane wala kuteleza. Kulipia faiba ya katikati ni kulipia uzito.

Nilipiga hesabu ya boksi la guta la kusambazia bidhaa madukani: urefu mita 1.8, upana 1.25, kimo mita 1. Eneo lote ni mita za mraba 10.6. Kwa bati la chuma la milimita 1 hizo ni kilo 83, na mchomeleaji bado hajagusa fremu. Kwa plaiwudi ya milimita 18 unakaribia kilo 115. Kwa paneli za sega, hata ukiweka mati mbili kila upande wa sakafu na kuziba kingo zote, unazunguka kilo 70, na fremu huihitaji. Mwenye guta anajua kila kilo ya boksi ni kilo ya mzigo iliyobaki dukani.

Hapa ndipo wapenda kujitengenezea wanapopotea. Wakishaelewa hesabu, wanataka kutengeneza na sega lenyewe kwa faiba. Inawezekana kabisa: unalaza vitambaa vyembamba juu ya kalibu yenye mikunjo ya nusu pembe sita, vikikauka unavigundisha mgongo kwa mgongo, kisha unakata vipande kwa unene unaotaka. Nimeona watu wanavyoifanya na naistahi kazi yao. Lakini kuifanya kwa ajili ya boksi la mizigo ni kujitesa. Kila kijumba kisichokaa sawa kinaacha pengo kati ya sega na ngozi (faiba ya nje), na kazi ya wiki nzima inakupa sega zito kuliko la dukani. Sega la polipropilini linalouzwa kwa shuka lina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya ujazo. Shuka la mita moja ya mraba, unene milimita 20, ni kilo 1 na gramu 600. Huwezi kushindana nalo kwa brashi na ndoo. Ni bidhaa ya kuagiza, ndiyo, na mafundi wawili watatu wakichangia shehena moja wanajikomboa. Likikosekana, bora povu gumu la poliurethani kuliko sega bovu la kujitengenezea. Na kama boksi ni la samaki na barafu, usihangaike na sega hata kama lipo: povu linazuia joto vizuri zaidi.

Angalizo moja kwa wanaokimbilia povu jeupe la vifungashio, lile la polistirini. Resini ya polyesta inalila. Utamimina, na mbele ya macho yako povu litayeyuka na kuacha mashimo. Hilo linataka epoksi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona kinadharauliwa kuliko vyote: gundi. Historia ya paneli hizi ni historia ya gundi. Mjerumani Hugo Junkers alipata hataza ya paneli za sega mwaka 1915. Wazo lilikuwepo, hesabu ilieleweka, ila ngozi zilikuwa hazishiki sawasawa. Ilibidi kusubiri hadi 1938, Norman de Bruyne, Uingereza, alipopata hataza ya gundi ya kufaa: inayopanda kidogo kwenye ukuta wa kila kijumba na kujenga kona ndogo ya mshiko, badala ya kubaki bapa juu ya ngozi. Leo sakafu za ndege za abiria ni ngozi za faiba na sega katikati. Gundi ikiachia, unabaki na shuka mbili laini na takataka katikati yake.

Kwetu hili lina maana mahususi. Polipropilini haishikwi na resini, hata uipake ndoo nzima. Ndiyo maana kiwandani hugandishiwa kwa joto kitambaa chembamba cha polyesta kila upande. Kitambaa hicho ndicho kinachokunywa resini. Kwa hiyo usikipige msasa, usikibandue kwa kudhani ni karatasi ya kifungashio, na usilaze sega juu ya mati iliyokwishaganda. Paka waksi meza bapa, laza mati, ilowanishe, pitisha rola hadi vipovu viishe, halafu loanisha kitambaa cha sega nacho kabla ya kukilaza juu ya mati ikiwa bado mbichi. Upande wa pili ufanye baada ya wa kwanza kukauka.

Kisha gandamiza. Wengi huweka mifuko ya simenti. Mifuko 10 ya kilo 50 kwenye mita moja ya mraba ni nusu tani, na inakaa vizuri pale tu meza ilipo bapa. Mfuko wa nailoni ulioziba na kompresa ya friji bovu inayonyonya hewa, ukifika nusu ya ombwe kamili, unakupa kama tani 5 kwa eneo hilohilo, tena sawasawa kila mahali. Kompresa ya mtumba haina bei ya kutisha. Usinyonye hadi mwisho lakini, kwa sababu stirini iliyomo kwenye resini huanza kuchemka na kukuachia vishimo. Joto la mchana wa pwani nalo halina huruma: resini inaganda upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, anza asubuhi, na hadina (kigandishi cha resini) isipungue asilimia 1 wala kuzidi 2. Na kama resini yako haijatiwa kobalti (kiharakishi cha kuganda) kiwandani, kobalti na hadina visikutane kamwe peke yao, hulipuka. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Miwani ya kazi ni bei ya soda chache, sioni kisingizio.

Paneli ikishakauka, igonge kwa sarafu mahali kwa mahali. Penye mshiko sauti ni kavu na kali. Penye pengo ni nzito na imefifia. Mteja mwenye akili apewe sarafu na aachwe agonge mwenyewe kabla ya kulipa.

Bolti ndizo zinazoua paneli nzuri. Toboa tundu, kaza nati, na ngozi zinazama kwa sababu chini yake ni vijumba vitupu. Mvua ikija, maji yanaingia na hayatoki. Pale bolti itakapopita, chimba sega kwa upana unaozidi washa, jaza resini iliyokazwa kwa unga wa talki au vipande vya faiba, subiri ikauke, ndipo utoboe. Kingo zote zizibwe vivyo hivyo au zitiwe ubao mwembamba. Kazi hii inachosha na haionekani, na ndiyo inayotofautisha boksi la miaka na boksi la msimu mmoja.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nauza dawa ya kila ugonjwa. Resini ya polyesta ikishika moto inawaka kwa moshi mweusi mzito, na sega la polipropilini linayeyuka likifika nyuzi 160 hivi, likishalegea kabla ya hapo. Nimeulizwa kama paneli hizi zinafaa kwa kibanda cha chipsi kwa sababu ni nyepesi kuhamisha jioni. Hapana. Penye karai la mafuta na jiko la mkaa, jenga kwa bati, hata kama litahitaji watu wanne kulibeba.